Kuchagua Projekta ya Bei Nafuu kwa Sinema ya Nyumbani: Pima Mwanga Kabla ya Kulipa

Mteja mwenye laki tatu hadi laki sita mfukoni akifika Kariakoo, swali lake la kwanza kwangu huwa ni hili: "Fundi, hii ya lumeni elfu tisa itatosha?" Kazi yangu ni kufunga projekta katika sebule za watu na katika vibanda umiza, na jibu langu halibadiliki: namba ya lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka kwenye mashine, iliyoandikwa kwenye boksi si ya kuaminiwa mpaka mashine iwashwe na mwanga wake upimwe. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia nikimsindikiza mteja dukani.

Hatua ya 1: Pima chumba kabla ya kutoka nyumbani

Chukua futi kamba upime umbali kutoka ukuta utakaoonyeshea picha hadi mahali mashine itakapokaa. Kila projekta ina uwiano wake wa umbali kwa upana wa picha. Ukikuta umeandikwa 1.5, ujue kwamba picha yenye upana wa mita 1 inataka mashine ikae mita 1.5 kutoka ukutani. Picha ya inchi 100, zikipimwa kutoka pembe hadi pembe, ina upana wa mita 2.21, kwa hiyo itadai takriban mita 3.3, na sebule nyingi za nyumba za kupanga hazina nafasi hiyo makochi yakishaingia. Inchi 80 huridhika na mita 2.7 hivi. Hakikisha pia kwamba mashine itaweza kuelekea ukuta moja kwa moja, kwa sababu ukiiweka upande na kuinyoosha picha kwa menyu, unapoteza sehemu ya pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, ulizozilipia.

Hatua ya 2: Pima mwanga dukani

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea, hivyo usione haya kumchosha muuzaji. Mwombe azime taa au akupeleke stoo, kisha ielekeze mashine ukutani mpaka picha iwe na upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 56. Eneo lake ni mita za mraba 0.56. Onyesha picha nyeupe tupu kutoka kwenye simu au flashi. Igawanye picha hiyo kwa macho katika vyumba 9 vinavyolingana, safu tatu kwa tatu, halafu weka kipima mwanga katikati ya kila chumba, kikiitazama lenzi, na uandike luksi unazosoma, yaani mwanga unaoangukia kila mita ya mraba. Tafuta wastani wa namba hizo tisa, uuzidishe kwa 0.56, nawe utakuwa umepata lumeni halisi. Njia hii ya vyumba 9 ndiyo msingi wa lumeni za ANSI, shirika la viwango la Marekani, zile ambazo watengenezaji makini huzitaja kwa jina hilo kamili. Programu ya simu ya kupima mwanga nayo inaweza kutumika, ingawa vihisio vya simu hutofautiana sana. Itumie kulinganisha mashine mbili zilizo mbele yako, usiichukulie kuwa mizani ya haki.

Nilipoipima mojawapo ya hizo "elfu tisa", wastani ulikuwa luksi 375, yaani lumeni 210. Muuzaji aliitazama karatasi yangu, akaligeuza boksi, akanionyesha tena namba iliyochapishwa.

Hata hivyo, lumeni 210 si za kutupwa. Ili filamu ipendeze kwenye ukuta mweupe, chumba kikiwa na giza, mimi hulenga luksi 150 juu ya picha, kiwango kinachokaribia mwangaza wa majumba ya sinema. Gawanya lumeni zako kwa 150 upate eneo la picha: 210 zinatoa mita za mraba 1.4, sawa na inchi 70 hivi. Inchi 80 zinahitaji lumeni 265, na inchi 100 zinahitaji takriban 415. Anayetaka kutazama mpira wa saa kumi alasiri huku madirisha yakiwa wazi, kwa bajeti hii namshauri anunue televisheni.

Hatua ya 3: Hakiki pikseli na pembe za picha

Maneno "inakubali 1080p" yana maana kwamba mashine inaipokea video hiyo, kisha inaipunguza ifae kioo chake cha ndani kinachounda picha, ambacho huenda kina pikseli 1280 kwa 720 au pungufu. Tafuta kipimo cha asili, yaani pikseli za kioo chenyewe, cha 1920 kwa 1080. Kisha fungua ukurasa wenye maandishi madogo meusi, ulenge katikati mpaka yasomeke, halafu utazame pembe nne. Katika mashine za bei ya chini lenzi huwa dhaifu, na pembe zikififia kupita kiasi, maandishi ya tafsiri chini ya filamu yatakusumbua kila usiku.

Hatua ya 4: Uliza habari za vumbi

Chagua mashine ambayo njia yake ya mwanga, kutoka taa ya LED hadi lenzi, imezibwa. Ile iliyo wazi huvuta vumbi kwa feni yake, na baada ya muda utaona madoa ya kijivu yasiyofutika mpaka fundi aifungue.

Hatua ya 5: Fikiria projekta ya ofisi iliyotumika

Nyingi zina mwanga wa kweli kuliko mpya za bei hiyo, lakini ukikuta pikseli 1024 kwa 768, ujue filamu pana itatumia 1024 kwa 576 tu. Kagua kwenye menyu saa ambazo taa imeshatumika, ukikumbuka kwamba saa hizo huweza kurudishwa sifuri; rangi nyeupe iliyofifia na kuelekea umanjano husema zaidi. Uliza bei ya taa mpya kabla hujalipa. Taa hizi huwa na joto kali, na umeme ukikatika feni husimama papo hapo joto likiwa bado ndani, kwa hiyo tenga fedha za UPS ndogo, kifaa chenye betri ya akiba, itakayokupa dakika chache za kuizima mashine taratibu.

Hatua ya 6: Sauti

Spika ya ndani haitoshi. Tumia waya wa milimita 3.5 kwenda kwenye sabufa yako, kwani Bluetooth mara nyingi huchelewesha sauti nyuma ya midomo ya waigizaji.