Hasira Ilianza Saa Ngapi? Kuzisoma Hisia Zako Ukiwa na ADHD

Watu wazima wenye ADHD (hali ya ubongo inayovuruga umakini na uwezo wa kujizuia) ninaowapa ushauri nasaha mara nyingi hawaanzi kwa kulalamikia umakini. Huanza na majuto: "Nimemfokea tena mwanangu." Mwongozo wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, haukuziweka hisia kwenye dalili kuu. Lakini sehemu ya mbele ya ubongo inayotuzuia kukurupuka ndiyo pia inayosaidia kupoza hasira. Hukuzaliwa mkorofi.

Hatua ya 1: Daftari la wiki mbili. Mambo yakishatulia, andika saa, kilichotokea, mwili ulikuwaje, ulihisi nini. Maneno machache tu. Ukianza kuandika insha, siku ya tatu utaacha. Ukiruka siku, endelea. Lakini ukijikuta unaandika kwamba hutaki kuishi, usingoje wiki ziishe, mwone mtaalamu siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Anza na mwili. Hapa ndipo ninapokaa na watu muda mrefu zaidi. Wengi wenye ADHD hawaisikii njaa wala uchovu mpaka umewazidi. Mama mmoja aliamini amemchoka mumewe. Daftari likaonyesha kwamba ugomvi wao huzuka baada ya saa kumi na moja jioni, siku ambazo hajala kitu tangu chai ya asubuhi. Alipoanza kula saa tisa, ugomvi haukuisha, ila ulipungua. Wanawake, andikeni pia siku za hedhi. Kama unatumia dawa, andika saa ya kumeza: nguvu yake inapokwisha, baadhi ya watu huwa wepesi wa kukasirika. Usibadili dozi mwenyewe. Mpelekee daktari daftari.

Hatua ya 3: Ita hisia kwa jina lake. "Nimekasirika" haitoshi. Ni kero? Fadhaa? Aibu? Kinyongo cha juzi? Ujumbe uliosomwa bila kujibiwa huleta uchungu wa kukataliwa, nao hutoka mdomoni kama hasira. Aliyeumia huhitaji kuuliza, "Kuna tatizo?" Aliyechoka huhitaji kulala.

Hatua ya 4: Kubalianeni neno nyumbani. Chagueni wakati mmetulia, kwa mfano "nipe dakika kumi." Ukilisema, toka nje, nawa uso, tembea. Kisha rudi, hata kama umepata dakika ishirini badala ya kumi. Usiporudi, mwenzako ataona umemkimbia, na safari ijayo hatakubali utoke.