Somo: Kulala kwenye hema Hell's Gate bila gari

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne jinsi ya kwenda kupiga kambi Hell's Gate, mbuga ya taifa karibu na Naivasha, Kenya, kwa matatu na baiskeli. Naandika yote hapa mara moja. Tafadhali soma kabla ya kuuliza.

1. Lipa mtandaoni kabla hujatoka nyumbani. Kiingilio na ada ya kambi ni malipo mawili tofauti, na langoni hawapokei pesa taslimu.

2. Panda matatu hadi Naivasha mjini, kisha ya kuelekea Kongoni, ushuke njiapanda ya Hell's Gate. Lango la Elsa liko kama kilomita 2 kutoka hapo.

3. Baiskeli za kukodi ziko njiapanda. Jaribu breki zote mbili kabla ya kulipa.

4. Maji: lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Yabebe kwenye chupa za chuma au mtungi mgumu, maana chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku mbugani tangu tarehe 5 Juni 2020.

5. Kambi. Mimi huenda Ol Dubai, kwa sababu jioni unaona mvuke wa Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa joto la ardhini, ukipanda kwa mbali. Naiberta nayo ni nzuri. Vyoo vipo, duka hakuna.

6. Kusimamisha hema. Soma hapa polepole, maana hapa ndipo nilipoharibu safari yangu ya kwanza. Udongo wa kule ni majivu ya volkano. Ukikanyaga juu unahisi mgumu, chini yake ni vumbi tupu. Nilipigilia vile vigingi vifupi vilivyokuja na hema, vikaingia kwa urahisi, nikafurahi, nikaenda kutazama twiga. Alasiri upepo ukaanza. Niliporudi hema lilikuwa limeng'oka lote na kunasa kwenye vichaka vya leleshwa, hatua chache kutoka ukingo wa jabali, ubavu mmoja umepasuka. Usiku ule nililala nimejifunika turubai. Kigingi kinachoingia bila kupingwa kitatoka hivyo hivyo.

Sasa nafanya hivi. Kwanza naokota vipande vyote vya mawe meusi yanayong'aa kama kioo, maana vinakata sakafu ya hema na hata tairi. Natandika turubai. Mlango naugeuzia upande usiopigwa na upepo, na hema lote nalikalisha mbali na ukingo. Kila kamba naifunga kwenye jiwe kubwa kama kichwa cha mtu, kisha naweka jiwe la pili juu ya kamba. Vigingi nabeba virefu, na navipigilia kwa mshazari, kichwa kikiegemea nje. Usiondoke hapo kabla ya kuweka mzigo ndani ya hema, hata kama unakwenda chooni tu. Asubuhi rudisha mawe ulikoyatoa.

7. Chakula hakikai ndani ya hema. Nyani hufungua zipu, na wakishindwa hurarua. Tumia ndoo yenye kifuniko cha kufunga kwa kamba.

8. Baridi. Mko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Blanketi moja liwe chini yako, kwa sababu ardhi ndiyo inayokunyang'anya joto.

9. Usikate kuni. Pikia mtungi mdogo wa gesi.

10. Mbugani kuna korongo, njia nyembamba kati ya kuta ndefu za mwamba. Humo usiingie bila kiongozi, na mvua ikitishia usiingie kabisa. Maji huja kutoka juu, mvua ikiwa imenyesha mahali usipopaona, na kuta zimekaribiana mno, huna pa kukimbilia. Aprili 2012 walikufa watu 7 humo, na Septemba 2019 wengine 7. Kiongozi akisema tokeni, tokeni.

MASWALI

tairi_moja: Mkuu, naweza kulipa cash langoni?
— Hatua ya 1.

tairi_moja: Nauliza tu, wengine tuna haraka.
— Nami nimeandika ili wenye haraka wasirudishwe langoni. Ni mstari mmoja.

mama_wa_wawili: Shikamoo mwalimu. Nina watoto wa miaka 7 na 10. Simba je?
— Marahaba dada. Simba si wa kukuhangaisha pale, lakini nyati na chui wapo. Watoto wasitoke hemani usiku bila mtu mzima na tochi. Mkienda kwa baiskeli mkamwona nyati, simameni mbali, msubiri apite. Msimzunguke.

vumbi_jekundu: Hayo mawe ya kufunga kamba ni kukuza mambo. Mimi nimelala huko mara mbili na vigingi vya kawaida.
— Labda ulipata siku mbili tulivu. Hema langu lilipasuka, na niliyeandika ni mimi niliyelishona.

mwanafunzi_wa_maji: Ukiishiwa maji, ya bomba la kambini yakichemshwa yanafaa kunywa?
— Asante kwa swali hili. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini maji mengi ya ardhini ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na hiyo haitoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua sufuriani, floraidi inazidi kukolea. Ndiyo inayotia meno rangi ya kahawia kwa watoto wanaokua huku. Siku moja haitakudhuru, ila kwa kunywa beba yako, ya bomba oshea vyombo.

mwanafunzi_wa_maji: Sikujua. Na leleshwa ndiyo ile yenye harufu kali?
— Ndiyo. Sugua jani moja mkononi, utanusa kafuri. Majani makavu yaliyoanguka nayatandika chini ya turubai, yanalainisha kidogo.

mama_wa_wawili: Ndoo ya nyani ni ya lita ngapi?
— Lita 20 inatosha watu wanne kwa usiku mmoja. Ifunge kwenye shina la mti, la sivyo wataibeba yote.