Lea maji kwanza: ushauri kwa anayeanza tangi la matumbawe nyumbani

Simu za namna hii huja zaidi Jumatatu asubuhi. "Bwana samaki, Ijumaa tumenunua tangi, Jumamosi tumetia samaki sita, leo wanne wamekufa. Na maji ni safi kabisa, unaona mpaka chini." Anayepiga hasemi uongo. Maji yake ni safi machoni. Kinachokosekana humo ni bakteria, na bila bakteria samaki wa maji chumvi anakufa kwa uchafu anaoutoa mwenyewe kabla hujajua umekosea wapi.

Waliowahi kufuga perege au kambale bwawani wananiuliza mbona kule walitia vifaranga mapema na wakapona. Bwawa la udongo lina matope, mwani na viumbe wadogo wasiohesabika ambao tayari wanafanya kazi. Pia pH ya maji ya bahari (kipimo cha asidi; ikiwa juu, asidi ni kidogo) iko juu, kati ya 8.1 na 8.4, na pH inapopanda amonia huzidi kuwa sumu. Kiasi ambacho perege anakivumilia kwenye maji baridi kinaweza kuunguza matamvua ya samaki wa mwambani kwa siku moja.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote yanayofuata: panga wiki nne hadi sita za kulea tangi lisilo na samaki hata mmoja. Weka mawe, mchanga na maji ya chumvi, washa pampu, kisha tia kamba mmoja mbichi, wa kawaida wa sokoni, ndani ya kifuko cha neti. Akianza kuoza anatoa amonia. Kundi la kwanza la bakteria linaila amonia na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia ikiwa kidogo na wewe unaipunguza kwa kubadilisha maji. Makundi yote mawili yanakaa juu ya mawe na mchanga, wachache sana wanaelea majini. Ndiyo maana mawe yenye vitundu vingi yanafaa kuliko kokoto laini za mapambo.

Nunua vipimo vya matone. Vile vya amonia ni rahisi kusoma: unajaza kichupa maji ya tangi, unadondosha dawa, unatikisa, unasubiri dakika zilizoandikwa. Yakibaki manjano hakuna amonia. Yakigeuka kijani, ipo. Pima kila siku mbili na uandike daftarini. Utaona kijani kikikolea wiki ya kwanza, kisha kikififia huku nitriti ikipanda. Sumu zote mbili zikifika sifuri, fanya jaribio la mwisho: tia amonia kidogo huku ukipima, ifike miligramu 2 kwa lita, upime baada ya saa 24. Ikiwa amonia na nitriti zimerudi sifuri, bakteria wako wako tayari. Kama una rafiki mwenye tangi lililokomaa na samaki wake hawana ugonjwa, mwombe gao la mchanga wake. Hakuna chachu nzuri kama hiyo, na ni bure.

Maji yatoke wapi

Sisi wa pwani tuna bahati ambayo mfugaji wa Nairobi au Dodoma hana, lakini bahati hii ina masharti. Chota maji siku za bamvua, bahari inapojaa, kwa sababu ndipo maji ya kina kirefu yanaposogea ufukweni. Kaa mbali na bandari, mahali zinapoegeshwa boti za injini, na midomo ya mito. Wakati wa masika usichote kabisa kwa siku kadhaa baada ya mvua kubwa. Maji ya mto yanapunguza chumvi na yanaleta mbolea za mashambani na taka za mjini. Madumu yako yawe ambayo hayajawahi kubeba mafuta ya kupikia, sabuni wala petroli. Harufu ya mafuta ukiisikia hata kidogo ndani ya dumu, libakie la kumwagilia bustani. Maji ukishayafikisha, yachuje kwa kitambaa safi, yaache gizani kwenye pipa lililofunikwa siku tano hadi saba huku pampu ndogo ikiyazungusha, kisha pima kabla ya kutumia.

Aliye mbali na bahari atachanganya chumvi maalumu ya akwariamu na maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, ile inayochuja maji mpaka chumvi na uchafu karibu wote vinatoka. Chumvi ya jikoni haifai. Yenyewe ni sodiamu kloridi tu pamoja na madini joto yaliyoongezwa, wakati matumbawe yanahitaji pia kalsiamu na magnesi ili kujenga mifupa yao. Maji ya bomba yana klorini, na ya kisima katika miji yetu mara nyingi yana nitrati na chumvichumvi zake. Usiyatumie bila kuyasafisha.

Lengo ni gramu 35 za chumvi kwa lita. Kwenye kipimo cha uzito wa maji ni 1.025 au 1.026.

Hapa nimeona watu makini wakiharibikiwa, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Tangi la lita 200 lina kilo 7 za chumvi. Maji yanapokauka, chumvi haiendi popote, inabaki ndani. Zikikauka lita 20, kilo 7 zilezile sasa zimo katika lita 180, yaani karibu gramu 39 kwa lita. Ukijazia kwa maji ya bahari lita 20, umeongeza gramu 700 nyingine. Rudia hivyo mara kumi na tangi lina kilo 14, chumvi maradufu, na hakuna kiumbe atakayekuwa hai kuliona. Yaliyokauka yanafidiwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Chora mstari kwa kalamu kwenye kioo ili ujue kina kilipaswa kuwa wapi. Maji ya chumvi yanatumika unapobadilisha maji tu.

Tangi, umeme na joto

Anayeanza huvutiwa na tangi dogo kwa sababu ya bei. Mimi namshauri asishuke chini ya lita 150. Katika maji machache kosa dogo linakuwa kubwa ndani ya saa chache. Lita 200 zinakupa nafasi ya kuligundua na kulirekebisha. Kumbuka lita 200 ni kilo 200, na bado hujaweka mawe, mchanga na kioo chenyewe. Meza ya chai haibebi. Weka stendi imara, sakafu iliyosawazika, mbali na dirisha linalopigwa na jua.

Pampu za kusukuma maji ziwe na nguvu ya kuzungusha ujazo wa tangi mara 10 hadi 20 kwa saa, na zielekezwe juu ya mawe kusiwe na pembe iliyotulia. Taa za LED zenye bluu nyingi ziwake kwa muda wa saa nane hadi tisa kila siku. Mashine ya kutoa uchafu kwa povu ukiimudu ni msaada mkubwa, ila kwenye tangi lenye samaki wachache unaweza kuanza bila hiyo. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuiingia, ili tone linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni. Fungisha pia swichi inayokata umeme unapovuja. Maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno, na nyumba ina watoto.

Umeme ukikatika, njaa haiwaui samaki. Kinachowaua ni kukosa hewa. Pampu ikisimama, oksijeni inaanza kupungua, na bakteria nao wanaitumia. Kuwa na pampu ya hewa ya betri ambayo umeshaijaribu, na betri zake zikae pembeni ya tangi, zisipotelee kwenye rimoti ya televisheni. Kama huna, chota maji kwa jagi na uyamwage juu ya tangi kutoka kimo cha mkono, dakika chache kila baada ya muda mfupi. Inachosha, lakini nimeshuhudia tangi likipona usiku mzima kwa jagi. Na usilishe umeme ukiwa umekatika.

Joto liwe kati ya nyuzi 25 na 27. Msimu wa kusi, pwani hutapata shida. Kaskazi ndiyo inayotesa: chumba kinafika nyuzi 32 na tangi linafuata. Joto linapozidi, matumbawe yanafukuza mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yao na kuwalisha, yanabaki meupe, na hali ikiendelea yanakufa. Ndicho kilichoipata miamba ya Bahari ya Hindi ya magharibi mwaka 1998, kuanzia kwetu hadi Shelisheli. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji, na kifuniko kikiwa wazi, itashusha nyuzi mbili hivi, japo unyevu wa pwani unapunguza nguvu yake. Itakausha maji pia, kwa hiyo rudi kwenye ule mstari wa kalamu. Wafugaji wa Arusha na Nairobi wao wanahitaji hita, hasa Juni hadi Agosti.

Samaki wa kwanza

Anza na wawili. Wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ni wavumilivu, na wanapatikana waliozalishwa kwenye matangi, ambao ni bora kuliko waliovuliwa mwambani. Subiri mwezi, pima, ndipo uongeze mmoja. Kangaja ni mzuri mno na kila mtu anamtaka, lakini ni samaki wa kuogelea umbali mrefu. Lita 200 kwake ni jela. Kitatange wengi wanakula matumbawe. Kikande atawatafuna konokono na kaa wako.

Kila samaki mgeni akae kwenye tangi la pembeni wiki nne au zaidi, akitazamwa kama ana vidoa vyeupe au anahema haraka. Ukilazimika kutumia dawa yenye shaba, itumike humo humo tu. Shaba ikiingia tangi kuu itaua konokono, kamba na matumbawe.

Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika mbili. Badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki. Utaona utando wa kahawia juu ya mchanga wiki za mwanzo, halafu mwani wa kijani. Usiogope na usikimbilie dawa. Ni hatua ya tangi jipya. Tia konokono wachache, punguza chakula, futa kioo.

Matumbawe: panda pingili

Usiende mwambani na nyundo. Kuvunja matumbawe baharini bila kibali ni kosa, matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hifadhi kama Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968. Tumbawe la ukubwa wa sufuria linaweza kuchukua miaka mingi kukua. Mimi linaniuma kweli kuona mwamba umevunjwa kwa ajili ya kupamba sebule. Kabla ya kununua chochote, pita ofisi ya uvuvi ya wilaya au kaunti yako, uulize kibali kinachohitajika.

Njia nzuri ni kupata kipande kutoka tangi la mwenzako, kama tunavyopeana pingili za muhogo. Anza na tumbawe laini lenye umbo la uyoga, lile linaloshikika kama ngozi, baada ya tangi kutimiza miezi mitatu. Mwenye tangi anakata ukingo wa kofia yake kwa wembe mpya, kipande cha upana wa vidole viwili. Kitatoa ute mwingi na kunywea, ni kawaida. Kisuuze kwenye bakuli la maji ya tangi, kilaze juu ya jiwe dogo lenye mikwaruzo, kifunge kwa uzi bila kukaza, kisha kiweke mahali penye mkondo wa wastani. Usikiguse. Ndani ya wiki mbili hivi kitakuwa kimeshika jiwe, nawe utakata uzi. Vijimkono vyake vidogo vikichomoza mchana, kimekubali.

Yale magumu yasubiri mpaka uweze kushikilia ualkali (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke) kati ya 8 na 9 kwa kipimo kiitwacho dKH na kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita, wiki baada ya wiki, bila kuyumba.

Yapo matumbawe yanayofanana na vifungo vya shati vyenye nyuzi pembeni, yenye rangi za kupendeza sana. Baadhi yana sumu kali iitwayo palitoksini. Vaa glavu na miwani unapoyashika, usiyakate ukiwa na kidonda, na kamwe usichemshe wala kumwagia maji moto jiwe lenye viumbe hao. Mvuke wake umewalaza watu hospitali, familia nzima. Mweleze na dada wa kazi, maana mara nyingi ndiye anayesafisha.

Ikitokea umeshindwa, au unahama, usirudishe kiumbe chochote baharini, hata kama kilitoka huko. Tangi linabeba magonjwa na viumbe wa mbali ambao mwamba wetu haujawahi kukutana nao. Samaki na matumbawe mpe mfugaji mwingine. Mchanga na mawe vianike juani mpaka vikauke kabisa, na maji yamwage kwenye choo, mbali na mtaro unaoelekea ufukweni na mbali na mizizi ya mimea yako.