Kuvua ufukweni baridi inapoanza: angalia upepo wa juzi

Majani yakishapukutika na baridi ikianza kuuma, upepo uliovuma juzi una maana kuliko wa leo.

1. Siku. Upepo mkali wa kutoka baharini ukivuma siku moja au mbili, mawimbi hufukua mchanga na kutawanya minyoo, kome na kaa wadogo. Samaki husogea karibu kula. Nenda upepo unapolegea, maji yangali na rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Yakiwa maangavu na bahari shwari, ngoja giza. Ukikuta mwani uliokatika umejaa, rudi nyumbani. Hujikusanya kwenye mshipi hadi unang'oa risasi, yaani kizito kinachoushikilia mshipi chini.

2. Maji. Bamvua, yaani maji makuu ya siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mpevu, ndiyo yenye mkondo wa kubeba chakula. Maji yakijaa kwa muda wa saa sita, saa ya tatu na ya nne pekee huleta karibu nusu ya kimo chote. Ndoana iwe majini wakati huo.

3. Zana. Hapa ndipo watu huumia. Risasi ya gramu 150 yenye miguu ya waya hushika mchanga vizuri, ila mshipi wa milimita 0.35 hauhimili kuirusha kwa nguvu. Unga mbele kipande cha mshipi mnene wa milimita 0.70 hadi 0.80. Kwa ufito wa mita 4 kiwe mita 8 hivi, ili mizunguko mitano au sita ibaki kwenye rili (kifaa cha kukunjia mshipi) unaporusha. Mshipi ukikatika hewani, risasi huruka kama jiwe la kombeo na inaweza kuua.

4. Chambo. Tunga minyoo hadi juu ya mpini wa ndoana, funga na kipande cha ngisi kwa uzi wa mpira, ncha ibaki wazi. Badilisha kila dakika 20. Harufu ikishaoshwa, unavua na kitambaa tu.

Maswali ya wanachama

*Hewa ni nyuzi 4. Samaki hawajaondoka?*
Si lazima. Bahari hupoa polepole kuliko hewa. Ila maji ya kina kifupi na midomo ya mito hupoa upesi, kwa hiyo tafuta kina.

*Mshipi ulikuwa umekaza, ghafla umelegea. Risasi imeng'oka yenyewe?*
Mara nyingi ni samaki aliyeing'oa akaja nayo upande wako. Zungusha rili haraka mpaka uhisi uzito, ndipo uinue ufito. Ukiinua mshipi ungali umelegea, ndoana haichomi.

*Mawimbi ni madogo, naweza kusimama mwambani?*
Kaa mbali, tazama dakika 20 kwanza. Mawimbi yanayopishana kwa sekunde 12 au zaidi huonekana mapole kisha hupanda juu sana yakifika mwambani. Mwamba ukiwa umelowa pale unapotaka kusimama, na mvua haijanyesha, usisimame hapo. Na jaketi okozi livaliwe, lisiachwe mkobani: maji ya chini ya nyuzi 15 humkata mtu pumzi mara tu anapotumbukia.