Namna ya Kuupunguzia Mwili Mzigo wa Sukari na Mafuta

Chukua soda ya mililita 330, kijiko cha chai, sukari na glasi tupu iliyokauka. Soma maelezo yaliyoandikwa nyuma ya chupa au kopo: soda nyingi za kawaida huwa na gramu 35 hivi za sukari. Kijiko cha chai kisichofurika huchukua gramu 4, kwa hiyo chota vijiko karibu tisa, uvitie ndani ya glasi na uiweke mezani mahali unapoiona. Kisha ulinganishe rundo hilo na hesabu nyingine. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, ambayo ni kama lita 5, huwa imebeba sukari ya gramu 4 hadi 5 tu asubuhi kabla hajala kitu, yaani kijiko kimoja. Mwili hukilinda kiwango hicho usiku na mchana, na vijiko tisa vinapoingia kwa dakika tano huulazimu kufanya kazi ya dharura. Mwili wenye afya huimudu kazi hiyo, lakini ukifanyishwa hivyo mara kadhaa kwa siku, mwaka baada ya mwaka, huanza kuelemewa.

Umetaboli ni jina la kazi yote ambayo mwili hufanya ili kugeuza chakula kuwa nguvu, kuiweka akiba nguvu inayobaki na kuitoa inapohitajika. Anayetaka kuirekebisha kazi hiyo ni vizuri ajue kwanza inaharibikia wapi, kwa maana bila hivyo atapunguza kitu kisicho na madhara makubwa na kukiacha kile kinachomdhuru.

Sukari ya mezani ni muungano wa sukari mbili, glukosi na fruktosi, kila moja ikiwa nusu. Glukosi hutumiwa na seli za karibu mwili mzima, na inapopanda katika damu kongosho hutoa insulini, homoni inayoziruhusu seli za misuli na mafuta kuipokea. Fruktosi, kwa sehemu kubwa, hushughulikiwa na ini. Ini lina ghala dogo la kuhifadhi wanga, lenye nafasi ya gramu 100 hivi, na ghala hilo likiwa limejaa, sehemu ya sukari inayozidi hugeuzwa kuwa mafuta. Baadhi ya mafuta hayo husafirishwa katika damu yakiitwa trigliseridi, na mengine hubaki palepale katika ini.

Hapo ndipo tatizo linapoanza kujizungusha lenyewe. Kwa kawaida insulini huliambia ini liache kumwaga sukari katika damu wakati tayari ipo ya kutosha. Ini lililojaa mafuta huwa gumu kuisikia amri hiyo, na huendelea kumwaga sukari hata usiku wakati mtu amelala na hajala chochote. Sukari ya asubuhi hupanda, kongosho hujibu kwa kutoa insulini zaidi, na insulini nyingi huhimiza mafuta zaidi kuwekwa akiba. Hali hii huitwa usugu dhidi ya insulini, na inaweza kudumu kwa miaka mingi bila maumivu wala dalili yoyote, mpaka kongosho lishindwe kuongeza kasi. Daktari anapomwambia mtu kwamba ana kisukari cha aina ya pili, mara nyingi anamsomea sura ya mwisho ya jambo lililoanza zamani.

Mafuta ya chakula huingia katika mlolongo huo kwa njia mbili. Kwanza, gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9 wakati gramu ya sukari ina 4, kwa hiyo ni rahisi kupitiliza bila kuhisi shibe. Pili, aina ya mafuta ina uzito wake. Mafuta yanayoganda katika joto la kawaida la chumba, kama siagi na mafuta ya nyama, hupandisha kolesteroli mbaya (LDL), ile inayojikusanya kwenye kuta za mishipa ya damu, na mtu anapokula kupita mahitaji yake hulijaza ini mafuta zaidi kuliko yale ya kimiminika yatokanayo na mbegu au zeituni. Mabaya kuliko yote ni mafuta ya transi, ambayo hutengenezwa viwandani kwa kuyagandisha kwa sehemu mafuta ya kimiminika. Hayo hayana kiasi ninachoweza kukuambia kwamba kinafaa.

Sukari na mafuta vikikutana katika chakula kimoja kilaini, kama keki, biskuti au aiskrimu, uwezo wa mtu kujizuia hupungua sana. Usindikaji wenyewe nao una nguvu yake: mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani walitoa matokeo ya jaribio la watu 20 waliolazwa kituoni kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi viwandani, na kwa wiki mbili vyakula vya kawaida, huku sukari, mafuta, nyuzinyuzi na kalori zilizowekwa mezani zikiwa zimelinganishwa, nao wakiruhusiwa kula watakavyo. Katika zile wiki za vyakula vilivyosindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka kama kilo 0.9. Kwangu mimi jambo hili linamwondolea mlaji lawama nyingi anazojibebesha: chakula chenyewe humsukuma, kwa hiyo ni busara zaidi kukiweka mbali kuliko kupigana nacho kikiwa mezani.

Pima kabla ya kubadilisha

Usianze na mizani. Anza na futikamba. Simama wima, papasa ubavu wako wa chini kabisa, kisha papasa ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, na uzungushe futikamba katikati ya sehemu hizo mbili, juu ya ngozi, bila kubana. Toa pumzi kwa kawaida, usivute tumbo ndani (kila mtu huvuta mara ya kwanza), ndipo usome. Kipimo hicho kikizidi nusu ya urefu wako, kwa mfano sentimita 90 kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 170, kuna uwezekano mkubwa kwamba mafuta yamejikusanya ndani ya tumbo kuzunguka ini na matumbo. Mafuta hayo ndiyo yenye madhara zaidi, kuliko yale ya mapajani au chini ya ngozi, na yapo pia kwa watu wengi ambao hakuna anayewaita wanene.

Kisha nenda maabara. Madaktari hutazama mambo matano: kiuno kilichopanuka, trigliseridi za milimoli 1.7 kwa lita au zaidi. Kolesteroli nzuri (HDL) iliyo chini ya milimoli 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Shinikizo la damu linalofika 130 kwa 85, au mojawapo ya namba hizo. Na sukari ya milimoli 5.6 kwa lita au zaidi baada ya kufunga usiku kucha. Mwenye matatu kati ya hayo matano huhesabiwa kuwa na mkusanyiko wa hitilafu za umetaboli, ambao huongeza hatari ya kisukari na ya maradhi ya moyo. Sukari ya kufunga ikifika milimoli 7.0 tayari ni kiwango cha kisukari, na kwa kawaida kipimo hurudiwa ili kuthibitisha. Andika namba zote pamoja na tarehe.

Anza na kikombe, sahani itafuata

Kama una nguvu ya kubadilisha jambo moja tu, badilisha unachokunywa. Sukari iliyo ndani ya kinywaji haishibishi; mtu aliyekunywa soda kabla ya chakula hula karibu kiasi kilekile ambacho angekula kama hakuinywa. Weka maji mahali pa soda. Anayekunywa chai yenye vijiko vitatu asijaribu kuviacha vyote siku moja, kwa kuwa atarudi navyo kabla ya wiki kwisha. Apunguze nusu kijiko kila wiki, na baada ya wiki sita atakuwa anakunywa chai isiyo na sukari. Ulimi huzoea, na chai ya zamani ataiona kama sharubati.

Juisi ya matunda huwadanganya hata walio makini. Chungwa zima hutafunwa polepole, nalo lina nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia katika damu, na ni wachache wanaoweza kula manne kwa kikao kimoja. Glasi kubwa ya juisi inaweza kuwa na sukari ya machungwa hayo manne, na hunywewa kwa dakika mbili. Shirika la Afya Duniani huihesabu sukari ya juisi, pamoja na ile ya asali, katika kundi moja na sukari inayoongezwa kwenye chakula. Kwa mujibu wa mwongozo wake wa mwaka 2015, sukari ya kundi hilo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50, au gramu 25 kwa kiwango kilicho bora, yaani vijiko sita. Rudi uitazame ile glasi: kinywaji kimoja kimeshapita hapo.

Unapofika dukani, soma orodha ya viambato. Katika nchi nyingi sheria hutaka vipangwe kwa uzito, kuanzia kilicho kingi zaidi, lakini sukari inaweza kugawanywa katika majina kadhaa ili kila moja lionekane dogo: glukosi, dekstrosi, maltosi, sharubati ya mahindi, juisi iliyokolezwa. Zijumlishe zote kichwani. Angalia pia kama kiasi kilichoandikwa ni cha pakiti nzima au cha kipande kimoja, na uwe mwangalifu na mtindi ulioandikwa kwamba umepunguzwa mafuta, kwa maana mara nyingi ladha iliyoondoka hufidiwa kwa sukari.

Kwa upande wa mafuta, pima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa. Kijiko kimoja cha mezani kina kama gramu 14, sawa na kilokalori zinazokaribia 125, na mkono unaomimina kwa mazoea huweza kutoa vitatu au vinne bila mwenyewe kujua. Chemsha, oka au choma vile ulivyozoea kukaanga ndani ya mafuta mengi. Badilisha mafuta yanayoganda kwa ya kimiminika, na usiyabadilishe kwa mkate mweupe au vitafunio vya unga uliokobolewa, kwa sababu mtu anayefanya hivyo hapati faida yoyote.

Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe maharage, dengu, samaki, mayai au kuku, na robo inayobaki iwe nafaka isiyokobolewa. Ukianza na mboga na maharage, ukaacha wanga mwishoni, sukari hupanda kwa upole zaidi kwa chakula kilekile. Ukitembea dakika 15 baada ya kula, misuli huichukua sehemu ya sukari hiyo hata pale insulini inapofanya kazi kwa shida.

Anayetumia insulini, au vidonge vinavyolihimiza kongosho kutoa insulini, asikate sukari na wanga ghafla kabla ya kuonana na daktari wake. Dozi iliyopangwa kwa chakula cha zamani inaweza kuishusha sukari yake mpaka azimie.

Kuhusu muda wa kuona mabadiliko, trigliseridi na mafuta ya ini huanza kushuka ndani ya wiki chache, mara nyingi kabla nguo hazijalegea. Jaribio kubwa la Marekani la kuzuia kisukari, lililotoa matokeo mwaka 2002, liliwafuatilia watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa huo. Waliolengeshwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipata kisukari kwa kiwango pungufu kwa asilimia 58 kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa waliopewa metformini, dawa ya kisukari, kiwango hicho kilipungua kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo 6.

Futikamba itumie mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari katika damu, kama ulikifanya maabara usikirudie kabla ya miezi mitatu, kwa kuwa chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120 na zile za zamani bado zimebeba kumbukumbu ya ulivyokuwa ukila.