Mtoto anapojigaragaza chini sokoni
Mtoto wa miaka 2 au 3 anapojitupa chini pale sokoni Darajani akidai peremende, usimpigie kelele wala usimnunulie ili anyamaze, kwa kuwa akipewa alichokililia hujifunza kwamba kilio ndicho kinachompatia anachokitaka. Msogeze pembeni penye usalama, kaa karibu naye bila ya kubishana, na mara atakapotulia, hata kwa muda mfupi, mwambie waziwazi kilichokupendeza: “Umenyamaza vizuri, mwanangu.” Siku za mwanzo kilio huweza kuzidi kabla ya kupungua, na hapo ndipo wengi wetu hushindwa, hasa bibi yake mtoto akiwepo, kwa hiyo kubalianeni naye mapema kabla ya kutoka nyumbani. Lakini mtoto anayepiga au kuuma wenzake hapuuzwi. Huzuiwa papo hapo.