Slabu ya juu isilale sawa kabisa

Mwenye kujenga maduka au hoteli yenye paa la slabu ya zege hapa Malindi, mwambie fundi aipe slabu hiyo mteremko tangu mwanzo. Kwenye ramani iandikwe 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Inaonekana nyingi, lakini zege halimwagwi sawasawa na ramani, na baadaye hulegea kidogo katikati. Ukianza na 1 kwa 40, walau utabaki na 1 kwa 80 na maji yatatembea. Yakituama, mvua za Mei zitautafuta ufa wowote ulioko.

Chumvi ndiyo adui hasa. Pepo za kusi huileta mpaka juu, ikapenya zege na kufikia nondo. Chuma kikishika kutu huvimba, na zege hubanduka vipande kutoka upande wa dari. Kwa hiyo nondo zifunikwe kwa zege la milimita 40 hadi 50, na mchanga wa ufukweni usiingie kwenye mchanganyiko hata ukipewa bure.

Matundu ya kutolea maji yawe mawili au zaidi, maana moja likizibwa na majani ya mwarobaini, una bwawa juu ya maduka. Utando wa kuzuia maji upandishwe ukutani milimita 150.

Kabla ya vigae, ziba matundu, jaza maji kidogo, acha siku mbili, kisha ingia chini na tochi. Mkandarasi akilalamikia bili ya maji, ilipe wewe, na malipo yake ya mwisho uyashike mpaka uone dari ni kavu.